Koti la Kifungo cha Mwanzi

Begi jepesi la mgeni hubebwa na mwenyeji.

Ndivyo alivyosema kondakta jana, alipolishusha begi la huyu mgeni wetu Nehemia kwa kidole kimoja, nanyi mkacheka mkidhani ni utani wa stendi. Si utani, ni methali, ingawa bado changa. Si lazima methali iwe na mvi. Sogeeni motoni, na wewe Nehemia acha kumpiga mwenzio kiwiko, niwaeleze ilikotoka. Mwanzo wake ni huu.

Huku huku juu Makete, ambako mwezi wa saba majani huamka yamefunikwa barafu nyeupe kama yamenyunyiziwa chumvi, aliishi mama mmoja jina lake Enesi Chaula. Mumewe alikuwa amefariki. Nyumbani walibaki yeye, bintiye Vumilia, na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye doa jeupe begani. Mwanawe wa kwanza, Obedi, alikuwa Dar es Salaam akiuza simu katika duka la tajiri mmoja Kariakoo, na huo ulikuwa mwaka wa sita hajakanyaga nyumbani.

Enesi alikuwa na koti moja. Mumewe alilivaa miaka yote aliyokuwa mlinzi wa kiwanda cha mbao. Lilikuwa koti la sufu nzito, jeusi lililogeuka kijivu mabegani, refu hadi chini ya magoti. Kifungo chake cha tatu kilikuwa cha mwanzi. Cha asili kilipotea msituni, na mumewe akakaa jioni moja mlangoni akachonga kingine kwa kisu, akakitoboa matundu mawili kwa msumari wa moto. Hakikuwa cha duara sawasawa. Lakini kilishika kuliko vile vya dukani.

Kila alfajiri Enesi alikamua, akavaa koti lile, akajitwika kopo la maziwa na kutembea nusu saa hadi pale yanapokusanywa. Kifua chake kilikuwa kibovu. Mganga wa zahanati alikwisha kumwonya.

"Mama, kifua hiki si cha kuchezewa na baridi. Usitoke alfajiri bila kitu kizito."

"Ninacho," Enesi alijibu, akakipapasa kile kifungo cha mwanzi.

Basi mwezi wa sita ukiwa ukingoni, Obedi akapiga simu.

"Mama, nimepata likizo. Wiki mbili! Na ninakuja kwa ndege mpaka Mbeya."

"Kwa ndege! Bwana asifiwe, mwanangu."

"Nije na nini?"

"Njoo wewe tu. Vingine vyote vipo."

Neno hilo mnalijua. Mwenyeji yeyote aliyelelewa atakwambia njoo wewe tu, na mgeni aliyelelewa atalisikia, ashukuru, kisha aje na sukari na sabuni, na nguo zake mwenyewe za kumfaa. Neno lile ni mlango unaofunguliwa. Si orodha ya vilivyomo ndani ya nyumba. Obedi alilijua hilo zamani, lakini akalichukua kama lilivyosemwa.

Tena kulikuwa na mtu mmoja ambaye Obedi alikuwa akimtazama kwenye simu, fundi wa kufundisha watu kusafiri. Fundi huyo alisema mwerevu hutembea na begi moja tu la mkononi, nguo azikunje kama chapati, apite uwanja wa ndege bila kungoja mzigo. Tiketi ya Obedi nayo ilikuwa ya kilo saba. Akakunja fulana nne, kaptula mbili, suruali moja ya jinzi, ndala na chaja. Alikuwa na jaketi nene, akaliweka, akapima, akalitoa. Mwenzake wa chumbani akamwuliza, "Wewe, si ulisema kwenu kuna barafu?"

"Nyumbani hakukosekani koti," Obedi akasema.

Akalipiga picha begi lake, akamtumia Vumilia.

Siku ya kufika, Enesi na Vumilia walikuwa barabarani tangu saa nane mchana. Enesi alikuwa amepaka mafuta miguu na kuvaa kilemba cha kanisani. Basi likasimama, na kondakta, kijana mmoja mcheshi akiitwa Mbwilo, akashuka kwanza na begi dogo mkononi.

"Mama Obedi, mgeni wako huyu hapa! Miaka sita mjini, na begi la mtoto wa chekechea!"

Watu wakacheka. Obedi naye akashuka akicheka, magoti nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Marahaba."

"Mizigo mingine iko wapi, kaka?" Vumilia akauliza, akichungulia tumboni mwa basi.

"Mizigo ni ushamba, mdogo wangu."

Kabla hajaongeza neno, meno yake yakaanza kugongana. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka mlimani, na zile kaptula zilikuwa na picha za minazi. Enesi hakungoja. Alifungua vifungo vyote vitano, kile cha mwanzi cha mwisho maana kilikuwa kigumu, akamvika mwanawe koti.

"Vaa. Mji umekulainisha."

"Si nilisema?" Obedi akajikunyata ndani yake. "Nyumbani hakukosekani koti."

Nisiwafiche, Enesi alifurahi. Kwa nyuma alikuwa mumewe mtupu, mabega yaleyale, ule mwendo wa kuinamia mbele kidogo. Alitembea nyuma ya koti lile mpaka nyumbani, amejifunga khanga mbili kifuani, na baridi hakuisikia.

Aliisikia kesho yake alfajiri. Alikwenda hadi mlango wa chumba cha Obedi akakuta mwanawe amelala, koti amelitandika juu ya mablanketi, ameshikilia kola yake kama mtoto. Akasimama. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Siku hiyo alikwenda na maziwa akiwa na sweta lake jembamba na gunia mabegani.

Na siku iliyofuata hivyo hivyo. Siku ya tano akaanza kukohoa.

"Mama, mwambie," Vumilia akamnong'oneza jikoni. "Analala mpaka saa tatu. Koti la nini kitandani?"

"Nimwambie nini? Mgeni haambiwi vua."

"Si mgeni. Ni mwanao!"

Enesi akasukuma kuni ndani. "Miaka sita, Vumilia," akasema. "Ni mgeni."

Msimwone Obedi mtu mbaya. Alichekesha watu, aliwatengenezea majirani simu zao bure, alimsifu mama yake kwa kila sahani. Jioni akiwa na koti lake karibu na moto alisema, "Mama, huku kwenu kuna baridi nzuri." Hakuuliza yeye alikuwa anavaa nini. Alizoea kwamba mama ni mtu asiyeona baridi.

Siku ya kuondoka, barafu ilikuwa nene hata miguu ya kuku iliacha alama. Begi la Obedi sasa lilikuwa limevimba, maana Enesi alilijaza maparachichi, moja moja, kila moja amelifunga kwa gazeti. Basi likapiga honi. Obedi akawa bado amevaa koti.

"Kaka," Vumilia akasema, "koti."

"Na hii baridi? Nitafika Mbeya nimekauka kama kambale."

"Mama analitumia kila siku."

Obedi akamgeukia mama yake. "Mama, unalihitaji sana? Nikifika Dar nalituma kwa basi siku hiyohiyo. Siku tatu, nne, umelipata."

Hapo ndipo palipokuwa penyewe. Enesi alikuwa na neno mdomoni. Alisimulia baadaye kwamba alilihisi kabisa, lilikuwa fupi, lilikuwa *ndiyo*. Lakini majirani walikuwa wamesimama, na Mbwilo ameshika mlango wa basi, na mwanawe ndiye anayeondoka.

"Nenda nalo," akasema. "Usilisahau tu."

Akamfunga kile kifungo cha tatu kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya nne Enesi akaenda barabarani kulingoja basi. Mbwilo akachungulia dirishani. "Bado, mama!" Siku ya tano, bado. Siku ya nane, bado. Wiki ya pili Mbwilo akaacha kupaza sauti, akawa anatikisa kichwa tu, na wiki ya tatu akawa anatazama upande mwingine basi likipita. Enesi akatembea na gunia lake alfajiri zote hizo, akikohoa, akisimama kila mahali penye jiwe la kukalia.

Mwishowe Vumilia akampigia kaka yake, akaweka sauti ya nje, akampa mama simu.

"Obedi, mwanangu, koti langu halijafika."

"Koti lipi, mama?"

"La baba yako."

"Aa, lile. Mama, ngoja nikueleze. Pale uwanjani walipima begi, koti likiwa ndani, likazidi. Wakasema nipunguze, au nivae koti niingie nalo mwilini. Na jua lilikuwa limeshatoka, mama, natokwa jasho. Halafu lile koti, usikasirike, lilikuwa linanuka moshi na ng'ombe. Kwenye foleni walikuwepo watu wa heshima. Maparachichi yako nisingeyatupa, ni zawadi. Basi koti nikaliacha pale kwenye kiti. Lakini lilikuwa kuukuu, mama! Nitakununulia jipya, zuri."

Vumilia akaruka. "Lete hiyo simu, mama. Kaka, wewe una—"

Enesi akamzuia kwa kiganja. Mkono wake wa pili ulikuwa kifuani, unapapasa mahali palipozoea kuwa na kifungo.

"Ulifika salama lakini?"

"Nilifika salama."

"Haya. Bwana asifiwe."

Juma lile kifua kikabana. Vumilia akamkodia pikipiki hadi zahanati, akamshikilia kwa nyuma njia nzima asidondoke. Mganga alimsikiliza mgongo muda mrefu.

"Mama Enesi, kile kitu kizito ulichoniambia unacho, kiko wapi?"

Alipewa kitanda siku kumi na mbili, na aliporudi nyumbani akapewa na amri, alfajiri asiione tena nje. Kopo la maziwa likawa la Vumilia. Vumilia huyo alikuwa amepata nafasi ya kujifunza ushonaji mjini, aanze mwishoni mwa mwezi wa nane, tena katika chuo alichokipenda. Siku ya kuanza ikamkuta njiani na kopo kichwani, gunia la mama yake mabegani. Nafasi ile akapewa mwingine. Obedi hakuambiwa. Mama yake alikataza.

Mwezi wa tisa, mchana mmoja, basi likasimama. Mbwilo akashuka na kifurushi kidogo, amekining'iniza kwa ncha za vidole.

"Mama Obedi! Koti limekuja! Lakini mbona na lenyewe limekonda?"

Enesi akakifungua palepale, akina mama wenzake wakimzunguka. Ndani mlikuwa na jaketi jekundu linalong'aa, jembamba kama ganda la kitunguu. Vumilia akasoma ujumbe wa kaka yake kwenye simu kwa sauti kavu. "Mwambie mama hili ni la kisasa. Linajikunja lote likaingia katika mfuko wake wenyewe. Halina uzito hata kidogo."

Enesi akaliweka juu ya kidole kimoja. Likakaa. Upepo ukaja, likapepea. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamwinamisha mpaka Vumilia akamshika.

Mbwilo akaona haya. Akajaribu kurudisha utani. "Bwana yule kila kitu chake chepesi. Siku ile na begi, leo na koti."

"Halikuwa jepesi, Mbwilo," Enesi akasema, akitafuta pumzi. "Nyinyi mliliona jepesi kwa sababu yeye hakulibeba. Begi jepesi la mgeni hubebwa na mwenyeji. Mimi nimelibeba tangu mwezi wa saba, na huyu binti yangu ananipokea, na mpaka leo hatujalitua."

Mbwilo alipanda basi lake. Lakini neno lile alilichukua, na tangu hapo kila akimshushia mgeni begi lake huliinua kwanza, na likiwa jepesi husema alilosema jana. Ndiyo, ni yeye yule, sasa ana upara. Lile jaketi jekundu Enesi alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na halikuvaliwa na mtu. Obedi aliporudi, lilikuwa lingali pale, na aliyebaki wa kumfungulia mlango ni Vumilia peke yake.

Basi mlicheka, nami nimewaeleza. Ongezeni kuni, naanza kuisikia baridi.

Nehemia, mbona umenyamaza? Hilo sweta ulilovaa, la nani?

Ehe. Begi jepesi la mgeni hubebwa na mwenyeji.