Jani la Sale

"Hati ya shamba ni jirani." Maneno hayo mmeyasikia leo kwenye mkutano wa kijiji, na sasa mnaniuliza yametoka wapi. Yametoka hapa hapa nyumbani, wajukuu zangu.

Mama mkwe wangu, Ndeshukurwa, alikuwa mjane. Kahawa yake ilikuwa imezeeka, matawi yamekauka, na watoto walitegemea kihamba hicho tu, shamba la ukoo. Serikali ikaleta mkopo wa miche na mbolea. Bibi shamba wetu, binti mmoja aitwaye Tulibako, alipanda milima nyumba hadi nyumba ili wajane wasisahauliwe.

"Mama, hati ya shamba iko wapi?" aliuliza.

"Hati? Baba Anaeli aliponioa alinionyesha masale, mimea iliyopandwa mpakani. Hiyo ndiyo hati yangu."

"Basi jirani mnayepakana naye aje athibitishe mpaka mbele ya mwenyekiti. Lakini iwe leo, mama. Kesho wanafunga orodha ya mkopo."

Jirani huyo alikuwa shemeji wa Ndeshukurwa, Elinami. Mbuzi wa Elinami aliwahi kula maharage ya mama, naye mama akamwambia Elinami sokoni, watu wakisikia: "Mbuzi nimemsamehe, hana akili. Wewe je?" Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

"Niende mimi nikamwombe?" Tulibako alisema.

"Wewe atakupa chai, mwanangu, kisha utarudi mikono mitupu."

Ndeshukurwa akaenda mpakani, akakata jani la sale, akalifunga fundo. Kwetu, anayekuja na jani hilo anaomba msamaha, na hafukuzwi.

Elinami alimtazama akiingia uani. "Shemeji! Umeng'oa mpaka?"

"Nimekata jani tu, shemeji. Mpaka upo. Ulimi wangu ndio uliovuka."

Mzee akalipokea jani kwa mikono miwili. Kisha akaanza kucheka, huku akifuta machozi. "Kaa, kaa. Unajua hata mimi sijajiandikisha? Hati sina, na jirani wa kunithibitishia ni wewe. Nilikuwa nafikiri nitakujaje, na mbuzi wangu yule!"

Jioni ileile walitembea pamoja kando ya masale, mwenyekiti akiwafuata, Tulibako akitabasamu njia nzima. Mvua zilipoanza, miche ilikuwa imefika kwa wote wawili.

Kahawa mliyochuma juzi ni ya miche ile. Kwa hiyo kesho mkipita kwa kina Elinami, salimieni kwanza. Hati ya shamba ni jirani.