Zimwi la Ndala

Anayetaka hadithi asogee, asiyetaka azibe masikio.

Alikuwepo fundi mmoja, Mwanakheri, aliyeokota ndala kuukuu jaani akazishona kuwa zimwi kubwa, ili watu waone takataka zao na waone haya. Soli zote alizielekeza juu. Jirani yake, Bi Mgeni, akamwambia, "Zigeuze, mwanangu. Ndala iliyopinduka haiachwi hivyo."

"Upande huu ndio mzuri, Bi Mgeni," akajibu, akaendelea kushona.

Jioni ile akasikia miguu juu ya paa: tapa, tapa, tapa. Jioni ya pili ikaja mingi zaidi. Jioni ya tatu miguu hiyo ilikuwa ndani, inatembea kwenye dari kama inzi, na sauti ikasema, "Hodi."

"Ni nani?"

"Ni sisi tuliozivaa hizo ndala. Umezielekeza juu, nasi huko ndiko tunakokwenda. Twende, mwanetu."

Asubuhi Bi Mgeni alikuta nyumba tupu. Nyayo za mchanga zilipanda ukutani mpaka darini. Kifuani mwa zimwi zilikuwa zimeshonwa ndala mbili mpya, za Mwanakheri, bado zina joto.

Yangu yameishia hapo. Sasa kila mmoja akatazame zake pale mlangoni, zimelalaje.