Kifua Hakihongwi Asali

Kifua hakihongwi asali. Mmeisikia kwa watu wazima mkaja kuniuliza, na hamkukosea: hakuna methali ya msitu huu wa Mau ambayo sijui chimbuko lake. Ninazijua zote, ila zile nilizozisahau, nazo ndizo nyingi. Hii bado ninayo, wajukuu. Ilianza hivi.

Sigilai alikuwa mrina asali. Kwetu Waogiek, mrina hupuliza moshi ndani ya mzinga ili nyuki watulie, na moshi mwingine huishia kifuani mwake. Kwa hiyo kikohozi cha mrina kilikuwa sifa. Mtu akikohoa, wenzake husema huyo kweli amepanda miti. Baba yake Taprandich, mke wa Sigilai, alikohoa hivyo, akasifiwa hivyo, mpaka tukamzika.

Basi Taprandich alipomwona mumewe akipumzika katikati ya mti aliozoea kuupanda kama tumbili, yeye hakusifu. Sigilai alilamba asali asubuhi, kikohozi kikatulia, akatangaza amepona. Jioni kikarudi. Siku alipotema damu, mkewe alimwambia asipokwenda zahanati mizinga yake yote itageuka kuni. Akaenda, mke nyuma yake.

Muuguzi aliwaeleza taratibu kwamba mtu mwenye kikohozi kisichoisha apigwe picha ya kifua mapema, maana saratani ya mapafu ikiwahiwa huweza kutibika, ikiachwa hushinda dawa. Moshi wa mzinga si mwema, akasema, lakini wa sigara ni mbaya zaidi. Akauliza kama mzee anavuta.

"Mimi? Sijawahi. Kifua changu kinajua moshi wa nyuki tu."

"Na vidole hivi vya manjano, mzee?"

"Asali, binti yangu. Asali haitoki upesi."

Sasa, mwanamke wa kwetu akionja asali hukwambia nyuki walitua kwenye maua gani. Taprandich akaushika mkono wa mumewe kwa upole, kama bibi harusi, akakilamba kidole. Akatafakari.

"Baba Chelagat," akasema, "nyuki wa asali hii walitua dukani."

Muuguzi akageukia dirishani kuficha kicheko. Sigilai akafungua mdomo ajitetee, kikatoka kikohozi, kirefu, na hakuna aliyetaka kucheka tena.

Taprandich hakumwachia mkono. "Mwambie binti wa watu ukweli," akasema. "Kifua hakihongwi asali."