Mzinga Uliotangulia Mwezi

Wamesimulia waliopokea kutoka kwa waliokuwapo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika zama za dola ya Uthmania, kwenye mji mdogo wa Ain Sawda katika jimbo moja la Sham, aliishi mpishi wa sabuni aliyeitwa Haji Burhani. Alikuwa mcha Mungu asiye na makelele. Ramadhani ilipokaribia kwisha, watu wa mji hawakuuliza kama mwezi umeandama, waliuliza, "Haji Burhani kasemaje?"

Mwaka huo Haji alikuwa na jeraha moyoni. Mwanawe Sabiti, fundi wa kuchonga mawe, alikuwa amechukuliwa kwenda kujenga ngome ya mpakani, mahali walikokwenda wengi wakarudi wachache. Sheria ya dola ilisema wazi kwamba mtoto pekee wa wazazi wazee hachukuliwi. Haji akapeleka ombi kwa Liwali. Makarani wakalipokea kwa heshima, wakamnywesha kahawa, wakamwambia lina kasoro ndogo tu: waletwe mashahidi wawili wa kuthibitisha kwamba Sabiti hana ndugu. Akaleta majirani. Wakamwambia jirani huwa na huruma. Akaleta watu wa mbali. Wakamwambia hao ni wa mbali, watajuaje? Ombi likabaki mezani, likila vumbi.

Ikafika jioni ya mwezi ishirini na tisa. Haji akapanda darini, akaukuta upande wa magharibi umetanda mawingu. Akatazama mpaka shingo ikamuuma, asione kitu. Alikuwa anashuka ngazi, akimwambia mkewe, Bi Nafila, aroweke dengu za daku, mara mzinga wa mji ukalia. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya Idi.

"Basi wengine wameuona," akasema Haji. "Alhamdulillahi."

Bi Nafila akaweka dengu kando, akatoa sinia ya vileja vya Idi.

Kumbe mwezi hakuuona mtu. Desturi ya mji ilikuwa hivi: kadhi akithibitisha mwezi, taa huinuliwa juu ya paa la nyumba ya Liwali, na mpiga mzinga akiiona hupiga. Sasa Liwali, Behjet Pasha, alikuwa na paka mweupe aliyekuja naye kutoka Istanbul, na magharibi ile paka alitoroka. Mtumishi akapanda paani na taa kumtafuta. Mpiga mzinga, Bostani, mtu mtiifu asiyependa maswali, akaiona taa, akatimiza wajibu wake.

Ingetosha kumtuma mpiga mbiu aseme, "Jamani, samahani, ilikuwa paka." Lakini Pasha aliona hilo haliwezekani. Mzinga ni wa Sultani, na mzinga wa Sultani haukosei. Ikiwa mzinga na mwezi havikubaliani, basi atafutwe mtu wa kuuweka sawa mwezi.

Ndipo karani mkuu, Fehmi Efendi, akabisha hodi kwa Haji Burhani.

"Haji, kadhi anataka mashahidi wawili. Wa kwanza tunaye, Bostani. Wa pili tunataka mtu ambaye mji hautamtilia shaka."

"Mashahidi wa nini, Efendi?"

"Wa mwezi."

"Si umeshatangazwa?"

"Tangazo limekamilika," akasema karani. "Kilichobaki ni mwezi."

Karani akachomoa karatasi kifuani, akaikunjua pole pole. "Hili ni ombi lako. Mtukufu Pasha amesema, ukishuhudia usiku huu, na hili litapigwa muhuri usiku huu huu. Mwanao atakuwa njiani kabla vileja havijaisha." Kisha akatoka kungoja nje, maana alikuwa na adabu.

Bi Nafila, aliyekuwa nyuma ya pazia, alikuwa ameyasikia yote.

"Baba Sabiti, wewe una macho makali. Huenda uliuona ukadhani ni wingu."

"Niliona wingu, nikajua ni wingu."

"Ni neno moja tu. Mungu si mwingi wa kusamehe?"

"Ni mwingi wa kusamehe, Mama Sabiti. Lakini mji mzima utakula mchana wa Ramadhani kwa ulimi wangu. Kisha nimwombe Mola anirudishie mwanangu kwa ulimi upi?"

Machozi yakamdondoka Bi Nafila. Kisha akaifunika sinia ya vileja kwa kitambaa, akavuta bakuli, akaroweka dengu. Haji alipoliona hilo, akavaa kilemba chake akatoka.

Barazani kwa kadhi alimkuta Pasha ameketi, paka mapajani, maana paka alikuwa amejirudia mwenyewe. Kadhi, ambaye kazi yake ilitegemea neno jema la Pasha, alikuwa akitoa jasho. Bostani alikuwa ameshasema kwamba aliona.

"Nawe, Haji Burhani," akauliza kadhi, "umeuona mwezi?"

"Fikiri vizuri, mzee," akasema Pasha. "Una mtoto mpakani."

"Ninaye, Mtukufu Pasha. Na uwezo wa kumrudisha unao wewe, mimi sina. Lakini mzinga niliusikia kwa masikio yangu. Mwezi sikuuona kwa macho yangu."

Ni kama neno lile lilimtia kadhi uti wa mgongo, kwani alimgeukia Bostani. "Wewe zamuni husimama ukielekea wapi?"

"Mashariki, Bwana Kadhi. Kwenye nyumba ya Mtukufu Pasha."

"Na mwezi huandama upande gani?"

Bostani akafikiri sana. "Mimi ni mtu wa taa, Bwana Kadhi. Mambo ya mwezi sikufundishwa."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kadhi akahukumu kwamba mwezi haukuthibiti, na watu wakamilishe thelathini. Pasha akatoka bila kuaga, na ombi likarudi kifuani mwa karani.

Kesho yake watu wakafunga. Jioni mwezi ukaandama waziwazi, hata Bostani aliuona. Idi ikaswaliwa. Nyumbani kwa Haji vileja vililiwa kimya kimya. Shawali ikaisha, habari hakuna. Haji alifunga Sitta yake, zile siku sita za Shawali, akapika sabuni yake, hakulalamika wala hakujisifu. Bi Nafila aliomba kila alfajiri, na hakumlaumu mumewe hata siku moja, ingawa wasimulizi wanakiri kwamba mara mbili tatu alikaribia.

Siku moja katika mwezi wa Dhulkaada, Pasha alikuwa akipitia karatasi, akalifikia ombi lile.

"Hilo bado lina kasoro ya mashahidi, Mtukufu," akasema Fehmi Efendi.

Pasha akalisoma, akalirudia. "Anasema hana mtoto mwingine."

"Ndivyo anavyosema. Lakini nani atathibitisha?"

"Fehmi Efendi, mtu huyu nilimpa mwanawe kwa neno moja, akakataa kulisema kwa kuwa si kweli. Leo ananiambia mtoto anaye mmoja, nami nisimwamini?"

"Kanuni inataka mashahidi wawili, Mtukufu."

"Andika basi. Wa kwanza mimi. Wa pili mzinga."

Inasemwa karani aliandika hivyo hivyo, akauliza tu mzinga utatia wapi muhuri wake.

Haikufika Idi ya kuchinja, Sabiti akasimama mlangoni, ndevu nyeupe kwa vumbi la mawe. Mama yake akaenda kabatini, akaleta sahani iliyofunikwa kwa kitambaa: fungu la mwanawe la vileja, lililowekwa tangu Ramadhani. Vilikuwa vigumu kama mawe aliyokuwa akiyachonga. Sabiti akavila vyote.

Tuzingatie, ndugu zangu. Mwezi una Mola wake. Hauandami kwa amri ya liwali wala kwa ajili ya paka. Mja ameamrishwa kusema alichokiona, kisha asubiri, na kusubiri ndiko kuzito zaidi. Mwenyezi Mungu awarehemu Haji Burhani na mkewe, aliyeroweka dengu huku analia.