Jino la Aikande na Jani la Sale

Kabla sijaanza, nikiri kosa langu. Niliwahi kumcheka mwanakwaya mwenzangu kwa ajili ya meno yake, tena ndani ya kanisa, naye akasikia. Hakurudi kwenye kwaya. Mungu anirehemu. Sasa sikilizeni.

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, matabibu wa meno walipokuwa wameshafika kwetu na taa zao, waliishi watu wa juu na watu wa chini. Wa juu walikunywa maji ya chemchemi, meno yao meupe. Wa chini walikunywa maji ya kisima chenye madini, meno yao yakaota ya kahawia, na hakuna mswaki uliowahi kuyatoa madoa yale. Wa juu wakawaita wa chini "vinywa vya kutu", wala hawakupenda kuoa huko.

Huko chini alikuwepo binti, Aikande, fundi cherehani. Kila akicheka aliziba mdomo kwa kiganja. Mama yake akampeleka kwa tabibu. Tabibu akayakwaruza kidogo meno sita ya mbele, ya taya la juu, akayapaka dawa nzito nyeupe, akaimulika kwa taa ya buluu mpaka ikawa ngumu, kisha akaisugua ikang'aa.

"Hii ni kama lipu ya ukuta, binti yangu," akamwambia. "Mfupa usitafune, muwa usimenye kwa meno, soda usifungue kwa meno. Ikibanduka, rudi."

Aikande akajitazama kwenye kioo, akacheka mikono ikiwa chini.

Akahamia juu kushona. Kijana mmoja, Ndetaramo, akaleta suruali ipunguzwe. Kesho yake akaileta ile ile iongezwe. Aikande akaelewa.

Walipochumbiana, mama akamwonya: "Wakikuuliza kwenu ni wapi, sema umelelewa kwa mjomba wako, huko juu." Mjomba alikuwepo kweli; kulelewa ndiko hakukuwepo. Aikande alipoulizwa, akasema hivyo hivyo.

Siku moja akacheka sana, kichwa nyuma, Ndetaramo akayaona meno ya taya la chini. Kahawia. Akajua, akanyamaza. Shangazi yake Nsia alipomuuliza, "Huyu ni wa wapi?" akajibu, "Wa huku huku, shangazi."

"Wa huku huku! Mbona hindi la kuchoma analipukuchua kwa vidole kama kuku mgonjwa?"

Ikafika siku ya utambulisho. Katika ukoo ule, mchumba hupewa ubavu wa mbuzi aung'ate mwenyewe mbele ya wazee. Kuomba kisu ni tusi. Shangazi Nsia akachagua ubavu wa beberu mzee kuliko wote zizini.

Aikande akautazama. Akikataa, amewatukana wakwe. Akiung'ata, amemwasi tabibu. Akaomba kimoyomoyo, akang'ata.

Ka! Kipande cheupe kikadondoka kwenye sahani.

"Kumbe!" akasema Shangazi Nsia. "Tumeletewa nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa!"

"Na hizo nywele zako nyeusi tii, dada yangu," akajibu mama, "kwa umri huo, umezaliwa nazo?"

Watu wakacheka. Mzee Aminieli, baba yake Ndetaramo, hakucheka.

"Jumapili mchungaji anaitangaza ndoa hii mara ya mwisho," akasema. "Kwetu palipo na kosa huletwa jani la sale kuomba msamaha, na likiletwa halikataliwi. Lakini jani ni moja na mkono ni mmoja. Atakayelileta ndiye mkosaji, na ukoo utamjua hivyo mpaka kaburini. Lisipoletwa kabla ya ibada, binti arudi kwao."

Mama akasema: "Uongo wa mjomba niliutunga mimi. Lakini nani alitufanya tuyaonee haya maji aliyotupa Mungu? Si ninyi?"

Shangazi Nsia akasema: "Ubavu niliuchagua mimi, tena kwa kusudi. Lakini mtego haumnasi asiyepita."

Ndetaramo akasema: "Nilijua tangu masika, nikanyamaza. Lakini nilinyamaza kwa kumpenda."

Aikande alikuwa akilipapasa jino kwa ulimi, akiona jinsi lilivyokwaruza. Alimtaka Ndetaramo, wala hakutaka kurudi chini bila yeye. Akasema: "Kupaka meno si kosa, wengine husuka nywele. Ila niliulizwa kwetu ni wapi, nikawakana watu wangu. Hilo ni langu. Lakini wewe, Ndetaramo, ulijua, ukakaa pale ukanitazama nikiung'ata mfupa?"



Jumapili asubuhi wanne wale wakakutana kwenye mpaka wa shamba, sale lilipoota. Kila mmoja aliliona kosa lake. Kila mmoja aliliona la mwenzake kuwa kubwa zaidi. Wakasimama, kila mmoja akiungoja mkono wa mwingine. Kengele ya kwanza ikalia.

Je, nani alistahili kulichuma jani lile? Nawaomba, kila mmoja aseme lake, kabla ya kengele ya pili.