Mgeni wa Pelele Ndani ya Chupa

Paukwa!

"Pakawa!"

Mh! Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Mimi nimepeta mpunga tangu asubuhi, kiuno hakikunjiki, na bado mwataka ngano za kale. Haya, nitatoa. Lakini mnisaidie kuitika, nisibebe peke yangu. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakialikana na kutembeleana, palikuwa na Pelele. Mnamjua Pelele, yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene, hana mkia. Watoto wake walikuwa wamekua, wamekwenda zao. Alikaa peke yake juu ya mwamba. Chini ya mwamba, mbali kidogo, kulikuwa na majaruba ya mpunga. Na ndani ya majaruba aliishi Samaki Mpiganaji.

Samaki huyo alikuwa mdogo, kidole chako kinamzidi. Huku mwekundu, huku buluu, mapezi marefu yanamburuta nyuma. Mdogo, lakini ugomvi sasa! Akimwona dume mwenzake anafura, fuuu! Anatanua mashavu, wanapigana mpaka mmoja akimbie. Ndiyo maana akaitwa Mpiganaji.

Basi mpunga ukaiva. Wakulima wakafungua mfereji, maji yakatoka. Majaruba yakakauka, yakapasuka. Samaki akabaki ndani ya unyayo wa ng'ombe, kwenye maji ya viganja viwili. Na jua linawaka. Kesho maji hayo yameisha, na yeye ameisha.

Pelele akapita akitafuta majani. Akasikia sauti chini ya miguu yake.

"Mama Pelele! Nihifadhi mpaka mvua zirudi. Tafadhali."

Pelele alikuwa na huruma, na tena alikuwa na upweke. Akasema, "Twende kwangu. Utakuwa mgeni wangu."

Pale kando ya tuta wakulima walikuwa wameacha chupa ya achari, kubwa, ya kioo, mdomo mpana. Pelele akaisuuza, akamtia Samaki, akaipandisha mwambani. Alisimama mara tatu njiani kupumzika.

Sasa sikilizeni. Kwa ukoo wa pelele, mgeni ana haki zake. Apewe maji mapya kila asubuhi. Apewe chakula asichoweza kukimaliza. Na nyumba ing'ae, asije akasema alilazwa kwenye uchafu. Mgeni naye ana adabu yake. Halalamiki. Akipewa, anashukuru, basi.

Asubuhi Pelele akachukua kibuyu, akashuka chemchemini. Chemchemi iko mbali. Akashuka, akapanda. Akamweka Samaki ndani ya kata ya kuchotea, akamwaga maji yote ya jana, akasugua chupa kwa mchanga na majivu, kwaru, kwaru, kwaru! Akatia maji mapya, yana baridi ya kukata meno. Akamrudisha Samaki, chubwi!

"Karibu maji, mgeni wangu."

Samaki akatetemeka mwili mzima. Yeye ni wa jarubani, amezoea maji ya vuguvugu, maji yaliyotulia, yenye majani. Lakini adabu ni adabu. Akasema, "Ahsante, mwenyeji wangu."

Pelele akamletea wali. Akamletea na mtama uliopondwa. "Kula, mgeni. Ongeza. Mbona hujala? Au chakula changu kibaya?"

Samaki hula viluwiluwi vya mbu, tena vichache. Tumbo lake halizidi jicho lake. Akameza chembe moja, ikamkwama. Akasema, "Ahsante, mwenyeji wangu, nimeshiba."

Wali ukazama. Ukalala chini, ukachacha. Ilipofika jioni chupa inanuka. Pelele akaona aibu. Siku ya pili akaamka mapema zaidi, akasugua zaidi, akatia maji baridi zaidi, akapakua wali zaidi. Na siku ya tatu. Na siku ya nne. Njiani akawa anaimba, nanyi mwitikieni, "Beba, Pelele, beba!"

Nashuka, napanda, maji ya mgeni!

"Beba, Pelele, beba!"

Nashuka, napanda, mgongo wangu jamani!

"Beba, Pelele, beba!"

Wewe Chausiku unacheka. Utabeba maji siku moja, utaona.

Basi jirani yake, Kanga wa madoadoa, akaja kuangalia. Kanga haji kusaidia. Kanga huja kuangalia. Akainamisha shingo kwenye chupa.

"Shoga, mbona kioo kina utando? Watu watasemaje?"

Pelele akasugua kwa ndimu. Kioo kikang'aa, kikawa kinarudisha sura. Samaki akageuka, akajiona. Akadhani ni dume mwenzake. Fuuu! Akafura. Na yule wa kwenye kioo akafura. Akamrukia, akagonga pua, ko! Akarudi, akamrukia tena, ko! Siku nzima anapigana na mtu asiyechoka. Mapezi yakachanika.

Kanga akapiga vigelegele. "Tazama mgeni wako anavyocheza! Amefurahi!"

Pelele akauliza, "Umefurahi, mgeni wangu?"

Samaki akasema, "Ahsante, mwenyeji wangu."

"Sasa jaza maji mpaka juu, usionekane mchoyo," Kanga akasema. "Tena funika vizuri. Vumbi hilo!"

Pelele akajaza mpaka mdomoni, akafunika kwa jiwe bapa. Kumbe Samaki Mpiganaji hupanda juu kuvuta hewa, kama mimi na wewe. Alikuwa akipanda, anagonga jiwe, to! Anatafuta upenyo mwembamba wa pembeni, anavuta hewa kidogo, anashuka. To! Pelele akisikia anasema, "Mgeni wangu anabisha hodi, ana adabu huyu."

Siku zikaenda. Pelele akakonda. Akawa akikaa anasinzia, akisimama anayumba. Samaki akafifia. Wekundu ukawa vumbi, ubuluu ukawa majivu. Na mvua bado.

Asubuhi moja Pelele akapanda na kibuyu chake. Akafika karibu na mlango. Akaanguka, puu! Kibuyu kikapasuka, maji chwaaa! yakateremka mwambani, yote, yakarudi yalikotoka.

Pelele akakaa chini mbele ya chupa. Akalia. Akasema, "Nimechoka. Nimechoka na maji. Nimechoka na chupa. Nimechoka na wewe!"

Akajiziba mdomo. Loo! Amemwambia mgeni!

Akatega sikio.

Halafu ndani ya chupa, polepole, to. To.

Pelele akasogeza jiwe. Samaki alikuwa amelala ubavu. Akatoa mdomo juu ya maji, akavuta hewa, akapumzika, akavuta tena.

"Afadhali umesema," Samaki akasema. "Mimi pia nimechoka na wewe. Tangu nije nasema ahsante. Ahsante zimeniishia, mama. Ninakufa."

"Unakufa? Na maji yote yale niliyokuletea?"

"Ni hayo maji yanayoniua."

Pelele akamtazama. Alikuwa amemsugulia, amempakulia, amempandia mwamba siku ishirini. Kitu kimoja hakuwahi kukifanya. Akakifanya sasa. Akauliza, "Wewe unapenda nini?"

"Usinibadilishie maji yote," Samaki akasema. "Toa bakuli moja tu, baada ya siku kadhaa, utie bakuli moja. Na hayo yalale juani kwanza, yapate vuguvugu. Usijaze mpaka juu, niachie mahali pa kupumua. Funika kwa jani lililotobolewa, maana mimi huruka. Chini weka mchanga, na mmea wa majini, nijifiche nikitaka. Kioo kiache kiote utando, yule jamaa aondoke. Na wali, mama, nakuomba kwa heshima zote. Wali basi."

Pelele akacheka huku analia. Akafanya hivyo hivyo. Akapunguza maji. Akasogeza chupa mahali penye joto, pasipopigwa na jua kali. Akaleta mchanga, akaleta mmea kutoka kwenye dimbwi la mwisho lililobaki. Kazi ya nusu siku.

"Na wewe unapenda nini?" Samaki akauliza.

Pelele akafikiri. Akasema, "Kulala."

"Basi lala."

Akalala. Akaamka, akalala tena. Siku mbili Samaki alikuwa chini ya mmea, hasogei, na kila akiamka Pelele anaogopa kutazama. Siku ya tatu akamwekea kiluwiluwi kimoja. Kikaelea. Samaki akapanda taratibu, hap! Akakimeza. Hakusema ahsante. Alisema, "Kingine."

Pelele akafurahi kuliko alivyofurahia ahsante zote.

Kanga akaja kuangalia. "Shoga! Maji yana rangi ya chai!"

"Ndiyo," Pelele akasema.

"Na kioo kimeota kijani!"

"Ndiyo, shoga. Karibu ukae."

Kanga hakukaa. Alikwenda kutangaza. Mwache atangaze, ndiyo kazi yake.

Wekundu ukarudi. Ubuluu ukarudi. Mapezi hayakurudi yote, pezi la mkiani lilibaki na pengo mpaka mwisho. Wakakaa hivyo wawili, huyu amelala huku, huyu amelala kule, wakizungumza kidogo, wakinyamaza sana.

Mvua zikaja. Majaruba yakajaa. Pelele akaibeba chupa, akashuka nayo, akaiinamisha ukingoni mwa tuta. Samaki akatoka. Akazunguka mara moja, akarudi, akatoa kichwa.

"Nilikuchosha," Pelele akasema.

"Ulinichosha," Samaki akasema. "Nami nikakuchosha. Sasa sikia. Kesho ukishuka kula majani, pita hapa tuzungumze. Usilete kitu."

"Hata kidogo?"

"Njoo wewe tu."

Pelele akasimama pale na chupa tupu, mvua inamnyeshea. Alikuwa mtu mzima, amelea, amealika, amepakulia wengi. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita aje mikono mitupu. Akalia kwa uchungu na kwa furaha, wala hakujificha.

Kesho yake akaenda. Mikono mitupu.

Ngano yatufunza hivi: ukimpenda mtu, muulize anachokitaka kabla hujajichosha na kumchosha. Nawe unayependwa, sema kweli mapema, usishukuru kitu kinachokuua.

Hadithi yangu naitua hapo. Atakayeipenda aichukue, na asiyeipenda aniachie.