Nani Alimpelekea Kizenga Chakula

Paukwa!

Pakawa.

Walioko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa.

Sasa tuko pamoja. Zamani sana, zamani za mababu wa babu zetu, katika kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga, alikuwako bibi aliyeitwa Bi Mashavu. Mashavu yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa mwembamba kama ufito. Lakini sauti alikuwa nayo. Akisimulia, hata mtoto mwenye homa alisahau kulia.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto hadithi. Mpunga ulipoanza kukomaa, watoto walikwenda shambani kuamia ndege tangu jua kuchomoza, na Bi Mashavu alikwenda nao. Walipanda juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya shamba, wakakaa wakibanana. Yeye alisimulia, wao walirudia. Ndege wakija, pururu, watoto walisimama wote, hoo, hoo, hoo, wakavurumisha mawe kwa kombeo, vuu, vuu, ndege wakaruka. Kisha hadithi ikaendelea pale pale ilipokatikia.

Hadithi waliyoipenda kupita zote ilikuwa ya kijiji chao wenyewe. Hadithi ya Kizenga, mla mbegu.

Ilisimuliwa hivi. Mwaka wa njaa, wazee walikusanya mbegu zote za mpunga zilizobaki, wakazitia katika ghala moja, wakamweka Kizenga mlangoni. Wakamwambia, "Usiondoke hapa mpaka mvua inyeshe." Kizenga akaapa. Mvua ikachelewa. Ikachelewa. Ikachelewa. Ilipokuja, watu wakakimbilia ghalani na vikapu vyao. Wakafungua, wakakuta makapi. Kizenga alikuwa amekula mbegu, punje kwa punje. Kijiji kikaenda kuomba mbegu ng'ambo ya milima, kichwa chini, na Kizenga akafukuzwa, asionekane tena.

Hapo watoto walipiga makofi wakaimba:

Kizenga kala mbegu,
kala mbegu, kala mbegu,
Kizenga tumbo ndi!

Kizenga aliacha mke na mtoto, na uzao wake ulikuwa bado ukiishi kijijini, katika nyumba ya mwisho kabisa, karibu na bonde. Siku ya kugawa mbegu, jumbe, mkuu wa kijiji, alimpa kila mtu mbegu zake mkononi. Watu wa nyumba ile walimwagiwa zao juu ya jamvi, wakainama, wakazoa. Hakuna aliyewatukana. Ilikuwa desturi tu.

Basi mwaka mmoja akaja dunguni mtoto wa nyumba ile, msichana wa miaka tisa aliyeitwa Sikujua. Alikuwa msikivu. Hadithi aliyoisikia mara moja aliirudisha nzima, bila kudondosha neno. Bi Mashavu akampenda.

Siku ya nne watoto wakasema, "Bibi, tupe ya Kizenga." Bi Mashavu akasimulia. Hakufikiri. Alikuwa ameisimulia miaka arobaini, ilimtoka yenyewe. Watoto wakaimba, na aliyeimba kwa nguvu kuliko wote alikuwa Kidawa, binti wa jumbe.

Sikujua hakuimba. Ndege walikuja upande wake, pururu, naye hakusimama. Wakala mpaka wakashiba.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Siku ya tatu Bi Mashavu akachukua mkongojo wake, akaenda mpaka nyumba ya mwisho. Uani alimkuta Bi Mwanne, bibi yake Sikujua, mjukuu wa Kizenga mwenyewe, akisuka mkeka.

"Hodi hapa."

"Karibu, dada. Kaa."

"Nimekuja kumwulizia mtoto. Anaumwa?"

"Haumwi. Yumo ndani."

"Mbona haji?"

Bi Mwanne akavuta ukili, akasuka mara mbili, mara tatu. "Mimi nilipokuwa na umri wake," akasema, "niliacha kwenda kwa mama yako. Kwa sababu hiyo hiyo. Sikulaumu, dada. Mama yako alisimulia vizuri, nawe unasimulia vizuri. Hiyo ndiyo tabu yetu."

Bi Mashavu akachukua mkongojo wake. Akaaga, akaondoka. Njia nzima alijiuliza: miaka arobaini, kila nilipoisimulia hadithi ile, nilisimama wapi? Akaona kwamba siku zote alisimama nje ya ghala, pamoja na watu wenye vikapu. Ndani hakuwahi kuingia hata mara moja.

Asubuhi akapanda dunguni. "Leo sisimulii," akasema. "Leo mtasimulia nyinyi. Kila mmoja achukue mtu mmoja wa hadithi ya Kizenga, aisimulie kwa kinywa cha mtu yule. Usiseme asichokiona. Usiseme asichokijua. Na anza asubuhi alipoamka, utuambie amekula nini."

Watoto wakafurahi. Mmoja akawa jumbe wa zamani, akakohoa kama mzee. Mwingine akawa mwanamke mwenye kikapu. Wakagawana, wakagawana, akabaki Kizenga.

"Kidawa, mchukue wewe," Bi Mashavu akasema.

"Mimi? Bibi, yule mwizi."

"Basi simulia kama mwizi. Lakini utaanza kwa kusema, mimi ni Kizenga."

Kidawa akanuna. Akaanza shingo upande. "Mimi ni Kizenga. Nimeamka. Nipo mlangoni mwa ghala. Nimekula..." Akaanza tena. "Nimeamka. Nimekula..." Akamtazama bibi. "Alikula nini?"

"Hadithi haisemi."

"Aliruhusiwa kwenda kwake kula?"

"Alikatazwa kuondoka."

"Sasa nani alimpelekea chakula?"

Ndege wakashuka, pururu, na siku hiyo hakuna aliyesimama.

Kijijini alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyekuwa hai mwaka ule wa njaa. Ni Mzee Feruzi, kipofu, aliyeshinda kibarazani akisokota kamba. Jioni ile Bi Mashavu akamwendea, akamwamkia, akamuuliza swali la Kidawa kama lilivyo.

Mikono ya mzee ikasimama.

"Ilikuwa kwa zamu," akasema. "Kila nyumba siku yake. Mwanzoni walipeleka. Halafu njaa ikakaza. Ilipofika zamu yetu, mama alipika uji wa mizizi ya mwituni, kibuyu kimoja. Akakishika. Akatutazama, tulikuwa watano. Akasema, leo jirani atampelekea. Tukaunywa. Jirani naye nadhani alisema vivyo hivyo."

"Na miaka yote hii hukumwambia mtu, mzee wangu?"

"Ningesemaje, mwanangu? Ningemtaja mama yangu."

Mavuno yakapita. Mawingu ya mvua yakaanza kujikusanya, na siku ya kugawa mbegu ikafika. Kijiji kizima kilikaa uwanjani. Watu wa nyumba ya mwisho walikaa kando, na jamvi lao limeshatandikwa. Kila mwaka, kabla ya kugawa, ilisimuliwa hadithi ya Kizenga ili watu wakumbuke thamani ya mbegu.

"Bi Mashavu," akasema jumbe, "tupe hadithi yetu."

"Mwaka huu atasimulia Kidawa."

Jumbe akatabasamu. Baba gani asingetabasamu? Kidawa akasimama.

"Mimi ni Kizenga. Siku ya kwanza nililetewa wali na mboga. Siku ya tano nililetewa uji. Siku ya tisa nilisikia nyayo, pa, pa, pa, zikapita. Siku ya kumi sikusikia nyayo. Siku ya kumi na moja niliita. Nimeapa kutoondoka, nikiondoka mbegu zitaibwa. Siku ya kumi na tatu nilichukua punje moja."

Jumbe hakutabasamu tena. "Nani amekufundisha kuwatukana mababu?"

"Ni mimi niliyemfundisha," akasema Bi Mashavu.

"Kwa hiyo unasema Kizenga hakula mbegu?"

"Alikula, jumbe. Nasi hatukumpelekea chakula. Yote mawili yalitokea. Mimi nimesimulia moja miaka arobaini, na kosa hilo ni langu."

"Maneno mepesi hayo. Nani aliyaona?"

Kisha fimbo ikasikika ardhini, ko, ko, ko. Mzee Feruzi alikuwa amesimama. "Uji wake niliunywa mimi," akasema.

Wazee wengine wakatazama chini, kwa kuwa nao walikuwa uzao wa nyumba zilizopangiwa zamu.

Jumbe hakuwa mtu mbaya. Akainuka, akateka mbegu kwa viganja viwili, akavuka uwanja mpaka mbele ya Bi Mwanne. Bi Mwanne hakuharakisha kunyoosha mikono.

"Mbegu nitapokea," akasema. "Na ule wimbo?"

"Nitaupiga marufuku."

"Watoto hawapigwi marufuku wimbo, jumbe. Utaimbwa vichakani. Wafundisheni mwingine."

"Tutawafundisha," akasema Bi Mashavu.

Hapo Bi Mwanne akanyoosha mikono, akapokea. Punje nyingine zilimwagika kati ya vidole vyake, na Kidawa akapiga magoti kumwokotea.

Mpunga ukaota, ukakua, ukaanza kukomaa. Watoto wakarudi shambani, na safari hii Sikujua alikuja nao. Bi Mashavu akamwambia, "Mjukuu wangu, zamu yako. Katika hadithi ya Kizenga utamchukua nani?"

Kila mtu alijua atamchukua Kizenga. Nani mwingine?

Sikujua akafikiri. "Nitamchukua mama yake Mzee Feruzi," akasema.

Akasimama, akaanza. "Mimi ni mama. Nimeamka. Sijala. Nina watoto watano, nina kibuyu kimoja cha uji, na ghalani kuna mtu anayeningoja."

Akasimulia yote, polepole, bila kumtukana mama yule na bila kumtetea. Alipofika pale watoto wanapopewa uji wanywe, Kidawa akafunika uso kwa kanga. Sikujua hakulia. Aliendelea mpaka mwisho, akakaa. Bi Mashavu akamsogezea nafasi. Akamvuta, akamkalisha karibu naye.

Bi Mashavu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki, watu wa nyumba ya mwisho ndio walioomba kumchimbia kaburi, nao wakaruhusiwa. Na katika kijiji kile hakuna mtoto aliyehesabiwa kuwa anaijua hadithi mpaka aisimulie mara mbili: mara moja kama alivyoisikia, na mara ya pili kwa kinywa cha yule asiyempenda.

Basi nanyi, mkimsikia mtu akisemwa kwa ubaya, msiharakishe kupiga makofi. Ulizeni kwanza asubuhi ile alikula nini, na nani alipaswa kumpelekea.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayeijua kwa upande mwingine, naye aisimulie.